Vidole gumba arobaini na vitatu

Mjini Lubumbashi televizio hupimwa kwa vidole gumba. Ukiingia katika duka lolote la vyombo vya umeme, kule Kenya au katikati ya mji, swali la kwanza la muuzaji ni moja tu: "Ya puse ngapi?" Neno hilo tumelichukua kwa Wafaransa, ambao *pouce* kwao ni kidole gumba na pia ni kipimo. Kiswahili cha pwani kimepita njia nyingine kikachukua *inchi* kutoka Kiingereza, na Kiingereza nacho kilikuwa kimelitoa neno lake katika Kilatini *uncia*, sehemu moja ya kumi na mbili. Njia zote mbili zinafika kwenye sentimita 2,54. Babu zetu walikuwa na shibiri, dhiraa na pima, lakini hakuna anayenunua televizio kwa shibiri. Nimejaribu kuhesabu: televizio ya puse 43 ni karibu shibiri tano na nusu za mkono wangu, kutoka pembe hadi pembe.

Nayaandika haya kwa sababu mwaka huu nyumbani kwetu tulikaa karibu miezi miwili tukijadili televizio. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, tena ndiye "mwanafunzi wa lugha", kwa hiyo kazi ya kusoma karatasi za maelezo ilinifikia mimi. Wengine walidhani ninaitwa kutafsiri Kifaransa cha kwenye katoni. Kadiri siku zilivyopita niliona kwamba shughuli yenyewe ilikuwa karibu zaidi na masomo yetu ya fonolojia kuliko tafsiri.

Kwanza nieleze hali ilivyokuwa. Televizio yetu ya zamani ilikuwa ya kioo kinene, puse 21, na nyuma yake ilikuwa na kisogo kama cha ng'ombe. Ilipokufa, Mama alikuwa anakaribia zamu yake ya likelemba. Wako akina mama kumi wanaouza samaki wakavu sokoni, kila mmoja anatoa dola 40 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao anabeba dola 400 zote. Mama alitangaza kwamba safari hii zamu yake itanunua televizio. Hakuomba ushauri kama inunuliwe au isinunuliwe. Aliomba ushauri juu ya ipi.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na jibu tayari: puse 55, 4K, ili Mazembe ikicheza tuone hata jasho la wachezaji. Mjomba alikuwa upande wake kwa sababu nyingine. Mwezi wa 8 wakwe wa dada yetu watakuja kuzungumza mahari, na sebule, au kama tunavyosema sisi, *salo*, ndiyo uso wa familia. Kwa Mjomba, ukutani lazima kuwe na kitu kinachosema kwamba binti hatoki katika nyumba tupu. Mama alitaka nyuso kubwa, maana macho yake hayako kama zamani na miwani huivaa kwa kusoma Biblia tu.

Baba hakusema kitu. Hapo ndipo hadithi ya televizio inapogeuka kuwa hadithi nyingine.

Baba alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya vyuma, kati ya mashine zinazopiga kelele kutoka asubuhi hadi jioni, wakati ambapo watu hawakuvaa kitu masikioni. Kelele ya namna hiyo haiui sikio lote mara moja. Inaanza kula sauti za juu, hasa kwenye eneo la hezi 4000, kisha uzee unamalizia kazi. Ndugu msomaji, rudi kidogo kwenye daftari lako la fonetiki. Irabu zina nguvu yake katika masafa ya chini na ya kati, ndiyo maana mzee asiyesikia vizuri bado anasikia kwamba unasema. Lakini /s/ inaishi juu, kuanzia kama hezi 4000 kwenda mbele. /F/ ni pumzi dhaifu. /P/, /t/ na /k/ zinatofautiana kwa mpasuko mfupi sana. Mtu wa namna hiyo akikwambia "Nasikia, lakini sielewi", hakwepi kitu. Anakueleza hali yake kwa usahihi kuliko daktari.

Kwa televizio ya zamani Baba alikuwa na dawa yake: alisogeza kiti mpaka karibu na kioo, akaweka sikio upande wa spika. Kioo kinene kilikuwa na kasoro nyingi, lakini spika yake ilitazama mbele, kwa watu. Tatizo ni kwamba akikaa pale anatuziba sisi sote. Watoto wakanung'unika. Siku moja mgeni alicheka. Tangu siku ile Baba akaacha kusogeza kiti. Wakati wa habari alikaa nje barazani, akasema hewa ya nje ni nzuri. Tulimwamini kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi.

Basi nilipoanza kusoma juu ya televizio mpya, nilikuwa na maswali mawili: moja la macho, lingine la masikio. Nianze na la macho, maana hilo ndilo maduka yanalolijibu.

Kipimo cha puse ni cha mshazari, kutoka pembe ya chini mpaka pembe ya juu ya upande wa pili. Kwa hiyo hakikwambii upana wala kimo mpaka ujue umbo. Televizio za sasa zina umbo la 16 kwa 9. Ile yetu ya zamani ilikuwa ya 4 kwa 3. Puse 21 ya zamani ilikuwa na kimo cha sentimita 32 hivi. Ya puse 32 ya sasa ina upana wa sentimita 71 na kimo cha 40. Ya puse 43 ina 95 kwa 54. Ya puse 55 ina 122 kwa 68. Uso wa msoma habari unakua kwa kimo, haukui kwa upana, kwa hiyo kutoka 21 kwenda 32 Mama angepata sentimita 8 tu za kimo. Watu wengi hununua puse 32 wakidhani wameongeza nusu nzima, kisha wanashangaa kwamba nyuso hazijakua sana. Kutoka 32 kwenda 43, eneo la picha linakuwa karibu mara 1,8. Hapo ndipo Mama angeona tofauti.

Baada ya kimo kuna umbali. Nilipima kutoka ukutani hadi kiti cha Mama: mita 2 na sentimita 60. Jicho zima linaweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya digrii moja. Ukipiga hesabu hiyo kwa televizio ya puse 43 yenye nukta 1920 kwa 1080, inayoitwa Full HD, jicho halitenganishi tena nukta zake ukikaa zaidi ya mita 1 na sentimita 70. Kwa puse 55 ya Full HD, ni mita 2 na sentimita 18. Sisi tuko mbali kuliko zote mbili. Kwa hiyo 4K, yenye nukta 3840 kwa 2160, mara nne zaidi, ingekuwa kwetu ni kununua nukta ambazo hakuna jicho la nyumbani litakaloziona, isipokuwa mdogo wangu akae chini mbele ya kioo. Na vituo tunavyotazama jioni havitumi picha ya ukubwa huo.

Jambo la tatu la macho ni pembe. Salo ya kwetu haikupangwa kama ukumbi wa sinema. Viti viko kando ya kuta tatu, kila mtu anaona uso wa mwenzake, na televizio wanaitazama kwa upande. Vioo vya LCD havifanani katika hili. Kuna aina inayoitwa VA, ambayo nyeusi yake ni nzito na nzuri ukiwa mbele, lakini ukikaa kando rangi zinapauka. Kuna nyingine inaitwa IPS, ambayo nyeusi yake ni ya kijivu kidogo, lakini inawatendea haki walio kando. Si lazima muuzaji ajue herufi hizo. Simama mbele ya televizio, kisha tembea taratibu mpaka ukutani huku ukitazama uso wa mtu. Uso ukigeuka majivu, umepata jibu.

Hapa niseme neno juu ya majina, kwa sababu idara yetu ingepata semina nzima humo. *Ekra pla*, tunavyosema, ilikuwa na maana wakati kulikuwa na ekra isiyo bapa. Leo hakuna nyingine dukani. Sifa ya kubainisha imepotea, lakini jina limebaki, limekuwa neno moja lenye maana ya "televizio ya kisasa". Mjomba anaziita zote *plazma*, ingawa kufikia mwisho wa 2014 watengenezaji wakubwa walikuwa wameacha kutengeneza plazma. Ile inayoitwa LED ni LCD ileile, ila taa za nyuma ndizo LED. Sehemu imetoa jina kwa kitu kizima. Halafu kuna QLED na OLED, ambazo kwa maandishi ni jozi mlinganuo finyu: herufi moja imebadilika na maana imebadilika kabisa. OLED kila nukta yake inawaka na kuzimika yenyewe, kwa hiyo nyeusi yake ni giza kweli, na bei yake inaanzia mahali ambapo likelemba ya Mama haifiki. QLED ni LCD iliyowekewa utando wa chembe ndogo sana unaosafisha rangi. Taa bado iko nyuma. Aliyechagua herufi ile ya Q alijua inafanana na nini. Kiswahili cha vitabu kina *kiwambo*, kutoka *kuwamba*, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma. Ni neno zuri, lakini ukilitamka sokoni kwetu watakuletea mtu wa kutengeneza ngoma.

Sasa swali la masikio.

Nilipozunguka madukani, wauzaji walinionyesha nyuso za televizio. Mimi nikawa naomba kuona migongo. Mmoja aliniambia, kwa heshima yote, "Yaya, hii kitu tunaitazamaka mbele." Lakini mgongoni ndiko kuna habari: wati inazotumia, voti inazovumilia, matundu iliyo nayo, na mahali spika zilipo. Spika, katika karibu zote nilizogeuza, zilikuwa chini zikitazama meza au nyuma zikitazama ukuta. Televizio ikiwa nyembamba, spika nayo inakosa nafasi ya kupumua. Ndogo mbili za wati 8 au 10 ndizo za kawaida. Sauti inatoka, inapiga ukuta, inarudi imechoka. Kwa sikio zima si neno. Kwa sikio la Baba, kilichopotea njiani ni zile konsonanti hasa alizobakiwa nazo kidogo.

Tena madukani televizio hazisemi. Zinaonyesha kasuku, asali inayomiminika, miji ya usiku, muziki laini. Hakuna mtu anayeongea katika video hizo. Mnunuzi anaondoka na picha ya kasuku kichwani, nyumbani anakwenda kusikiliza habari.

Kwa hiyo nilitengeneza orodha. Nilichukua maneno 25 ya Kiswahili yanayotofautiana kwa konsonanti moja: saa, faa, paa, taa, kaa, pika, fika, shika, suka, shuka, fuka, pasi, basi, saba, shaba, na mengine ya namna hiyo. Nilikuwa nimeweka pia *thamani* na *samani*, nikaiondoa jozi hiyo, kwa sababu katika Kiswahili cha kwetu Lubumbashi zote mbili zinatamkwa kwa /s/, na ningekuwa nampima Baba kwa tofauti ambayo hata mwenye masikio mazima hapa kwetu haitumii. Nilisoma maneno hayo kwa sauti yangu, nikayarekodi mara nne, kila mara kwa mpangilio tofauti ili asikariri, nikaweka kwenye fulashi. Televizio karibu zote sasa zina tundu la fulashi. Halafu nikamwomba Baba twende pamoja mjini. Nilimwambia ninahitaji msaada wake kwa kazi ya chuo, na ilikuwa kweli.

Katika duka la kwanza muuzaji alikuwa kijana mwelewa. Alimpa Baba kiti, akapima pamoja nami mita 2 na sentimita 60, akazima muziki. Sauti yangu ikatoka kwenye televizio ya puse 55 ile aliyoipenda mdogo wangu: saa, shuka, pika, basi. Wateja walisimama. Mama mmoja aliuliza kama ni kanisa jipya. Baba alikuwa anarudia kila neno anavyolisikia, na mimi naandika. Alipata 11 kati ya 25. Kwenye jozi za s, f na sh alinitazama akasema polepole: "Niko nasikia paka 'aa'."

Tukajaribu ya puse 43, nene kidogo: 14. Muuzaji, ambaye sasa alikuwa ameingia katika utafiti kuliko mimi, akaingia kwenye menyu, akaongeza sauti za juu, akapunguza besi na kuwasha hali ya kukuza maneno: 16. Kisha akaleta bafle ndogo ndefu, ile inayowekwa mbele ya televizio, akaiunga kwa waya, ikawa inamtazama Baba usoni: 21. Nakiri kwamba duka lina kelele na maneno 25 si mengi. Hakuna mwalimu wetu angenipa alama kwa takwimu hizo. Lakini sikuwa nalinganisha Baba na watu wengine. Nilikuwa nalinganisha Baba na Baba, siku ileile, kiti kilekile.

Kuna jambo jingine nililoliona, nalitoa kama dokezo kwa wenzangu wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho. Baada ya maneno mafupi nilimwekea sentensi. Za Kiswahili alizipata vizuri kuliko maneno yaliyosimama peke yake, na hilo lilitazamiwa, maana muktadha unasaidia. Lakini alisaidiwa pia na upatanisho. "Watu wawili wamefika": akikosa *watu*, bado ana *wa-* mara mbili zinazomwambia kwamba ni watu. Hata tukisema kwa kinyumbani, "bantu babili banafika", kiambishi kinabisha hodi mara tatu. Silabi zetu nazo zinaishia kwa irabu, mahali ambapo sikio lake bado lina afya. Sentensi za Kifaransa, lugha ambayo Baba alifanyia kazi miaka yote, zilimponyoka zaidi. Sitaki kujenga nadharia juu ya mzee mmoja. Ninasema tu kwamba tunapodai habari kwa lugha zetu nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, kwa kawaida tunasema ni kwa ajili ya wasiosoma Kifaransa. Baba anasoma Kifaransa. Anahitaji Kiswahili kwa sababu ya masikio.

Jioni ile niliweka hesabu mezani. Puse 55 ya 4K: dola 390, hakuna kinachobaki, na miguu yake inahitaji meza ya zaidi ya mita, wakati yetu ina mita moja kamili. Puse 43 ya Full HD, ya IPS: dola 230. Bafle: dola 70. Stabilizateri: dola 35, kwa sababu umeme wetu unashuka na kupanda kama bei ya mahindi, na televizio iliyoandikwa mgongoni voti 100 hadi 240 inavumilia kushuka lakini haivumilii kila ruko. Jumla dola 335. Vilevile nilisoma wati: ile ndogo inatumia kidogo kuliko kubwa, na siku za jenereta ya jirani tunalipa kwa kila kitu tunachowasha.

Mdogo wangu alisema Mazembe haistahili puse 43. Akakumbusha Desemba 2010, fainali ya Abu Dhabi dhidi ya Inter, kana kwamba aliiona, naye alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mjomba akaniambia jambo zito zaidi. Alisema: "Wewe unapima masikio. Wakwe watapima kwa macho." Sikuwa na jibu la kitabu kwa hilo. Ni kweli kwamba sebule ni lugha, na mgeni anaisoma kabla hajapewa maji. Nilisema tu kwamba uamuzi ni wa mwenye likelemba.

Mama alikuwa anakunja nguo. Aliuliza swali moja: hiyo ya 43, uso wa mtu utakuwa mkubwa kuliko wa ile iliyokufa? Nikamwambia kimo kinatoka 32 kwenda 54. Akanyamaza, akamaliza shati aliyokuwa nayo mkononi. Kisha akasema: "Miye naweza kusogeza kiti yangu. Lakini baba yenu, sitaki asogeze yake tena."

Ndipo nikajua kwamba alikuwa ameiona ile siku ya mgeni, na kwamba hakuwahi kuamini habari ya hewa nzuri ya barazani. Mjomba naye hakurudia hoja yake. Alikwenda nasi Jumamosi kubeba katoni, na ndiye aliyemwambia muuzaji apunguze dola 10.

Televizio yenyewe tuliiweka juu ya meza, si juu ukutani, kwa sababu ukiitundika juu shingo inauma na bafle inakosa mahali. Dirisha liko kando yake, haliko mbele yake, ili mwanga usirudi machoni. Orodha ya lugha za menyu haikuwa na Kiswahili. Nikaiweka Kifaransa, kisha nikakaa na Baba kutengeneza karatasi ya kubandika nyuma ya telekomande. Kila kitufe tulikitafutia neno. *Volume* ilikuwa rahisi: sauti. Kwa *source* nilipendekeza *chanzo*, kama vitabu vinavyosema. Baba alikataa. Alisema chanzo ni mahali mto unapoanzia, na pale televizio inauliza tu habari iingie kwa wapi. Akasema tuandike *mlango*. Mlango wa 1 ni dekoda, mlango wa 2 ni fulashi. Sasa nyumba nzima inasema hivyo, hata mdogo wangu: "Badilisha mlango." Nimesoma kurasa nyingi juu ya uundaji wa istilahi, sikuwahi kuona neno likizaliwa na kukubalika kwa dakika tano.

Kwa wasomaji wanaojiandaa kununua, ninaacha machache. Pima ukuta, meza na umbali wa kiti kabla ya kutoka nyumbani, na uandike kwa sentimita. Uliza kimo, usiulize puse tu. Geuza televizio utazame mgongo: wati, voti, matundu, hasa tundu la kutolea sauti, kwa sababu nyingine za sasa hazina lile la zamani la kipaza sauti na bafle yako ya nyumbani inaweza kukosa pa kuingia. Mwombe muuzaji azime kasuku aweke mtu anayeongea. Na kama nyumbani kuna mzee, nenda naye.

Masikio ya Baba hayajapona, wala hakuna televizio inayoponya. Juzi wakati wa habari, akiwa kwenye kiti chake kando ya ukuta, aligeuka akatuuliza sote kwa mshangao: "Waziri amepika Kolwezi?" Mdogo wangu akamjibu kwamba amefika, hajapika. Baba akacheka mwenyewe kabla yetu, akauliza amefika kufanya nini, na mabishano juu ya barabara ya Kolwezi yakatuchukua mpaka bukari ikapoa.